Kamba ya Mguu Mmoja

Kuku wangu wa kwanza aliletwa jua likitua, amebanwa kwapani, kichwa kikichungulia kwenye pindo la kitenge. Bibi jirani alikohoa penye uzio, akaingia, akachutama na kuku wake mkononi, akaniomba kitu cha kufungia. Nikamletea kamba ya katani niliyoitoa kwenye gunia la mahindi. Akaitazama, akaitupa kando.

"Hii itamkata, Mwalimu. Lete kitambaa."

Nikachana pindo la kanga kuukuu. Akamfunga mguu wa kulia tu, kwa fundo lililoacha nafasi ya kupita kidole, ncha ya pili akaizungusha kwenye shina la mpera. Kati ya kuku na mti palikuwa na hatua tatu hivi. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: alishwe hapo, anyweshwe hapo, usiku aingizwe bandani, siku ya tano afunguliwe. "Ukishamfungua, kaa kimya umtazame." Nikauliza kama haingekuwa salama zaidi kumfunga miguu yote miwili.

"Miguu miwili ni kuku wa sokoni," akasema. "Huyu anakaa."

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Sijui ni mara ngapi nimeandika ubaoni "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni", nikawaeleza watoto kwamba mgeni, hata ajifiche vipi, ana dalili ya kumtambulisha. Aliyejibu vingine nilimnyima alama. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumfunga kuku. Methali niliijua kwa upande wa wanaoiona kamba. Upande wa anayeifunga, na sababu yake ya kuifunga, nilikuja kuujua baada ya kustaafu, nikiwa nimechutama chini ya mpera.

Kasulu ni kwetu kwa ukoo. Mimi nilizaliwa Tanga, kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, baba akiwa Muha wa Kasulu na mama akiwa wa Kibondo. Nilikuja kujenga huku nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na Kiha changu ni cha kusikia kuliko cha kusema. Nikifungua kinywa sokoni, muuza maharage ananijibu kwa Kiswahili, kwa upole ule ule anaowapa madereva wa malori. Hiyo ndiyo kamba yangu, na kila mtu anaiona.

Kufuga hakukuwa katika mipango yangu. Nilitaka bustani: mchicha, mnafu, matembele, ngogwe, na mistari michache ya vitunguu. Nyanda hizi za juu zina mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, na ardhi nyekundu inayoonekana kama itaotesha hata fimbo. Lakini kiwanja nilichopata kilikuwa kimelimwa mahindi mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa kitu. Mchicha wangu wa kwanza ulitoka na majani ya njano, mdogo kama ulioomba radhi. Bibi jirani ndiye aliyeniambia udongo ule una njaa, na kwamba dawa ya njaa yake hutembea kwa miguu miwili. Wiki hiyo hiyo akaniletea kuku.

Alichosema ni kweli, ila kina masharti. Samadi ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe kwa sababu ya wingi wa nitrojeni, na nguvu hiyo hiyo huunguza miche ikitiwa mbichi. Sharti uirundike pamoja na mabua na majani makavu, uinyunyizie maji, uigeuze, uiache miezi miwili au mitatu mpaka ipoe na kunuka kama udongo wa msituni. Na anayekupa samadi ndiye anayekuharibia kitalu. "Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura": hiyo nayo niliifundisha kwa kuimba, sikujua kwamba siku moja ingekuwa ni mbegu zangu. Tuta nililosia mchicha asubuhi, saa nne lilikuwa shimo la kuogea vumbi, na ndani yake kuku amelala ubavu, jicho moja limefumba kwa raha. Nikajifunza kuzungushia matuta uzio wa matete na matawi ya miiba, na kupunguza manyoya ya bawa moja tu, ili anayejaribu kuruka aende upande.

Nao kuku wakanifundisha kula cha hapa. Pumba na makapi ya nyumbani hayatoshi. Kifaranga anataka kitu chenye uhai. Jioni nachukua chungu kilichopasuka, nakijaza mabua yaliyochanganywa na mavi makavu ya ng'ombe, nalowesha, nakifudikiza juu ya njia ya mchwa. Alfajiri nakifunua, nakikung'uta, na vifaranga wanakuja mbio kama watoto waliosikia kengele ya uji. Kiangazi, mchwa wakizama chini sana, nanunua vumbi la dagaa linalobaki kwenye magunia ya dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, hapo hakuna anayemlisha mwenzake: kuku, watoto wa jirani na mimi tunagombea chini ya taa moja.

Miezi michache baadaye nilinunua kuku wa pili, kishingo, siku ya gulio. Alikuja amefungwa miguu yote miwili, kichwa chini, akining'inia kwenye usukani wa baiskeli pamoja na wenzake watano. Nikajiona mjuzi: nikamfungua, nikamfunga mguu mmoja, nikampa maji. Yule wa kwanza, ambaye mwenyewe alikuwa mgeni juzi tu, akamjia mbio akamdonoa kichwani mpaka damu ikatoka. Kumbe hatua tatu za kamba ni pungufu kwa anayehitaji kukimbia.

Bibi jirani alipoliona jeraha aliguna. Kuku mgeni anapokuta wenyeji, akasema, mchana afungwe kando, mbali na midomo yao. Usiku, giza likishaingia, umpandishe kimyakimya kwenye kichanja walikolala wengine. Kuku haoni sawasawa gizani. Kukicha, wanajikuta wameamka pamoja, na aliyelala ubavuni mwako usiku kucha ni vigumu kidogo kumwita adui. Ugomvi utakuwepo, lakini wa kawaida.

Ugomvi wa kawaida una elimu yake. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwachungulia kuku tangu utotoni akiandika nani kamdonoa nani, na mwaka 1921 akatoa maelezo yake: kila kundi la kuku lina ngazi, kila mmoja anamjua anayeweza kumdonoa na yule wa kumpisha. Ngazi ikishajulikana, damu inapungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, wameonyesha jambo la jamaa moja na hilo kwa majogoo: wanawika kwa saa iliyo ndani ya miili yao, hata kabla ya mwanga, na jogoo wa juu kwenye ngazi ndiye huanza, wa chini husubiri. Mtaani kwetu anaanza jogoo wa fundi cherehani aliye ng'ambo ya barabara. Wangu anafuata wa tatu au wa nne. Nimekubali.

Lakini kati ya kuku, mwenyeji ni nani? Asili yao ni ndege wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 unataja mifupa ya Ban Non Wat, Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo, kuwa ndiyo ya kale zaidi inayoaminika kuwa ya kuku wa kufugwa. Na watafiti hao wanadhani ndege hao walivutwa na mashamba ya mpunga na nafaka nyingine, yaani walitoka msituni wakifuata nafaka. Mpaka karibu mwaka 800 kabla ya Kristo kuku walikuwa wameshafika Mezber, kaskazini mwa Ethiopia. Kisha kwa njia nyingi, za bahari na za nchi kavu, wakaenea mpaka kwenye vilima hivi, na watu wakawapa jina. Waha wanasema inkoko. Warundi wanasema inkoko. Waganda wanasema enkoko. Pwani tunasema kuku. Ukiyatamka taratibu utamsikia mwenyewe akijitaja. Ndege mgeni alipewa jina kutokana na sauti yake, heshima ambayo wageni wachache wameipata.

Baba yangu alipewa namba.

Ndilo neno lenyewe, manamba: watu waliochukuliwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mbali, wakaandikishwa kwa tarakimu. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha mwaka 1944 ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na Buha, nchi ya Waha, ilikuwa moja ya sehemu zilizotegemewa kutoa watu kuliko mazao. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Iliyoleta bidhaa ikaondoka na vijana. Baba alisema anakwenda kwa mkataba mmoja. Kipande kilihesabu siku thelathini za kazi, na siku ambayo hukumaliza kukata mkonge uliopangiwa haikuhesabiwa. Mkataba mmoja ukazaa mwingine, ukanizaa na mimi, na baba akazikwa kule kule. Kamba ya katani niliyomletea bibi jioni ile, aliyoitupa kwa kuwa inakata, imetoka kwenye mmea huo. Sikumwambia.

Wala baba hakuwa wa kwanza kuondolewa, wala wa mwisho. Miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu hizi kutoka kwenye maskani yao yaliyotawanyika ikawakusanya pamoja, kwa ajili ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakapelekwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Mjomba wangu wa Kibondo alikuwa kijana wakati huo. Anapoisimulia hasemi mengi juu ya siasa, anasimulia kuku. Ng'ombe walitembea, anasema, mahindi yalibaki shambani, kuku walibebwa kwenye matenga kichwani. Kufika kule, kila nyumba iliyokuwa bado haina paa ilikuwa na kuku aliyefungwa kwenye nguzo. Wenye haraka waliwafungua kesho yake. Jioni wale kuku wakashika njia walikotoka, mmoja mmoja, wakirudi kulala kwenye nyumba ambazo hazikuwepo tena. Wengine hawakuonekana tena.

Nami nimemuuliza: na watu je? Anacheka. Anasema watu walifungwa kwa kamba ndefu kidogo.

Safari ya Kasulu hadi Kibondo naifanya mara mbili tatu kwa mwaka, kuwasalimia upande wa mama. Gari linapita Makere, kwenye njia ya kuingilia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongomani waliokimbia vita. Mbele zaidi, wilayani Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipovuka tena mpaka. Kirundi na Kiha vinaelewana kiasi kwamba bibi jirani anaweza kununua mtetea kwa Mrundi na kugombana naye bei bila mkalimani. Lakini sheria ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali.

Mtu si kuku, najua, na mambo ya nchi na nchi hayafumbuliwi chini ya mpera. Hata hivyo kuna jambo moja bibi jirani alinionyesha ambalo hunijia kila gari linapopita pale Makere. Alikuwa na tembe anayechechemea. Alimnunua kwa mtu aliyemfunga akiwa mchanga, akasahau. Mguu ukakua, kitambaa kikabaki vile vile, mwisho kikazama nyamani, ngozi ikakifunika. Alipokitoa kwa wembe na maji ya chumvi kilikuwa uzi mweusi, hakina rangi ya nguo yoyote. "Kumfunga si kosa," akasema. "Kosa ni kusahau kumfungua." Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule wa kwanza sasa ni mtu mzima, mwenye umri wa kuitwa baba au mama na watoto waliozaliwa humo humo.

Kiangazi cha mwaka wangu wa pili, mdondo uliingia. Wengine wanauita kideri. Ni ugonjwa unaopenda majira ya ukavu, wakati wafanyabiashara wanazunguka na matenga na kuku wa kila kijiji wanakutana kwenye baiskeli moja. Nilikuwa na kuku kumi na mmoja. Jumatatu mmoja alisimama peke yake, mabawa yameshuka kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Jumatano watatu waliharisha kijani, mmoja shingo imepinda akitazama mgongo wake mwenyewe. Hakuna dawa ya kutibu. Jumapili walibaki wawili, yule wa kwanza na kishingo. Nilichimba shimo nyuma ya migomba nikawafukia wengine, na bustani yote ikawa na ukimya ambao sikuwa nimeutarajia: hakuna aliyechakura chochote.

Mdondo nao ni mgeni. Kwa wataalamu unaitwa kwa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ulikozuka mwaka 1926, mwaka ule ule ulipoonekana Java. Kinga yake ipo. Ni chanjo ya I-2, iliyoanzia kwa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na sasa inatengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi za aina yake, jambo kubwa kwa mahali ambapo jokofu liko mbali. Tone moja, jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Ila kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakikai muda mrefu. Mwenye kuku tisa akinunua peke yake, nyingi anazimwaga. Na akichanja wake tu, jirani asichanje, mdondo unabaki mtaani ukizunguka uzio kwa uzio.

Kwa hiyo tunachanja pamoja. Siku iliyopangwa tunaamka kabla mabanda hayajafunguliwa, maana kuku aliyekwisha kutoka ni wa kukimbizwa mpaka saa tano. Vijana wanaingia kuwakamata, bibi anawashika kichwa kiegemee ubavu, mtaalamu wa mifugo wa kata anadondosha tone, na tunasubiri. Sharti kuku apepese jicho, ndipo ujue tone limeingia. Mimi nilipewa daftari: mwalimu ahesabu. Mara ya kwanza tulipofika nyumba ya nne mtu aliyekuwa ndani ya banda alinipigia kelele kwa Kiha kwamba bado wawili wako juu ya kichanja. Nikamjibu, nikaandika. Ni baadaye, nikinawa mikono, nilipotambua kwamba hakunitafsiria, nami sikutafsiri.

Leo nina kuku wazima tisa: majike saba, jogoo mmoja, na pora mmoja ambaye siku zake zinahesabika kwa kuwa anawika kabla ya zamu yake. Mwewe amenichukulia vifaranga wengi kuliko ninavyopenda kusema, hata nilipowafunika kwa tenga wiki zao za kwanza. Hawa si mradi. Ni hela ya daftari la mjukuu, ni kitoweo cha mgeni wa ghafla, ni samadi. Mchicha wangu sasa ni wa kijani kibichi, na wanunuzi wananisemesha kwa lugha wanayotaka.

Siku ya tano, kama nilivyoelekezwa, nilimfungua yule kuku wa kwanza. Nilitegemea akimbie. Alitembea hatua tatu kutoka kwenye mpera, hadi pale kamba ilipokuwa ikiishia, akasimama. Akainua mguu wa kulia kama anayeupima, akaushusha. Akarudi. Akaenda upande mwingine, hatua tatu, akasimama tena. Duara lote alilizunguka hivyo, akiheshimu kitambaa kilichokuwa mfukoni mwangu. Ilichukua karibu saa nzima, panzi akaruka mbele yake, akamfuata, na mpaka ukaisha bila yeye kujua. Jioni nilisimama penye uzio nikiwa na hofu ya mtu aliyekopesha. Jua lilipogusa miti akaja peke yake, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia bandani.

Mwezi uliopita kuna mwalimu kijana amehamishiwa hapa kutoka Mtwara. Sokoni anajibiwa kwa Kiswahili, kwa upole. Nimempelekea mtetea mmoja, uzao wa kishingo, nikamwomba kitambaa. Siku ya tano nilikwenda kwake saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa ameshamfungua, naye kuku amesimama hatua tatu kutoka mtini, mguu mmoja juu.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona haendi?"

"Marahaba. Kaa kimya," nikamwambia, "umtazame."

Akanisogezea kigoda.